Nyaya Mbili, Mbuzi Watatu, na Nthenya Ambaye Hajaulizwa

Tawa, Jumatatu, 8 Machi 1999

Mpendwa Bi Shufaa, mshauri wetu,

Naomba unisaidie kabla mbuzi hawajaondoka nyumbani. Nakusoma kila wiki gazeti likifika maktaba yetu, na nimeona jinsi unavyowajibu watu bila kuwaficha, kwa hiyo nami nimejikaza nikaandika. Mimi ni kijana wa miaka thelathini na mmoja, nilimaliza kidato cha nne, sinywi pombe, naimba katika kwaya ya kanisa, na kila jioni naandika katika shajara yangu mambo ya siku hiyo na tarehe yake, kwa hiyo haya nitakayokueleza si ya kukisia. Majina yote, hata langu, nimeyabadilisha.

Nafanya kazi katika chuo kimoja cha kanisa ambacho sitakitaja, na kazi yangu ni kuangalia kompyuta za jengo la juu, ambako kuna ofisi ya mkuu wa chuo, karani, na mhasibu Bwana Kiema, na chini ya mteremko, ng'ambo ya bustani ya sukuma wiki, kuna maktaba, na kompyuta za maktaba zinaangaliwa na Nthenya, ambaye ndiye sababu ya barua hii, ingawa nyaya pia ni sababu. Jumamosi ya tarehe 10 Aprili, baada ya Pasaka, baba yangu mdogo na wazee wetu wanapeleka kwao Nthenya mbuzi wa ntheo, yaani wale mbuzi watatu ambao kwetu Wakamba wasipofika kwa kina msichana hakuna ndoa inayohesabiwa hata mkizaa watoto kumi, na kila kitu upande wetu kiko tayari, ila Nthenya mwenyewe bado sijamwambia.

Najua utashtuka, lakini nisubiri nieleze kwa mpango.

Katika kila jengo letu kuna swichi, ambayo ni kisanduku cha chuma chenye matundu mengi, na nyaya za kompyuta zote za jengo huchomekwa humo, na kazi ya swichi ni kupokea ujumbe wa kompyuta moja na kuupeleka kwa nyingine, kama mtu wa posta anayejua kila mtu anakaa wapi. Kati ya swichi yangu na swichi ya Nthenya kulikuwa na waya mmoja uliopita ardhini ndani ya bomba, na mwaka jana mwezi wa Novemba jembe la mtu wa bustani liliukata, na jengo la juu na la chini yakawa hayasikizani, ikabidi karani awe anateremka na kupanda na makaratasi mkononi kama zamani, ndipo mkuu wa chuo akasema uwekwe na waya wa pili, upite upande wa tangi la maji, na hizo nyaya mbili zifungwe pamoja zifanye kazi kama waya mmoja, ili mmoja ukikatwa mwingine uendelee kubeba.

Hilo linawezekana, Bi Shufaa, kwa sababu swichi zetu zililetwa na marafiki wa kanisa wa ng'ambo pamoja na kitabu chake, na kitabu nimekisoma chote, hata kurasa za Kijerumani ambazo sikuzielewa. Kinasema unachukua yale matundu mawili yenye nyaya hizo, unakaa kwenye kompyuta na kuyaandikisha katika kundi moja, na tangu hapo swichi inayahesabu kuwa ni tundu moja, lakini kinaonya kwamba kundi lazima lifanywe kwenye swichi zote mbili, kwa namna moja na kwa kasi moja, kabla waya wa pili haujachomekwa, kwa sababu swichi za aina yetu haziulizani, kila moja inaamini tu ilivyoambiwa na mtu wake.

Sasa, Ijumaa moja wakati wa chai ya saa nne, Nthenya aliniambia, "Ukiwa tayari uniite, tufanye pamoja. Usinifanyie vitu vya kushtukiza." Nikasema sawa. Lakini Jumanne ya tarehe 23 Februari niliamka nikiwa na nguvu sana, nikafanya upande wangu wote, nikabandika vikaratasi kwenye nyaya, nikachora na picha ya mtandao kwa rula, na nilipomaliza niliona ni vizuri kwanza nichomeke ule waya wa pili kwangu, maana upande wa chini fundi alikuwa ameshauchomeka, halafu nimwite Nthenya aje aone kazi iliyokwisha, afurahi, na abakishiwe kidogo tu cha kumalizia. Nilikuwa nimeshamwahidi hata Bwana Kiema kwamba mafaili yake yatakwenda kwa kasi mara mbili.

Mambo yaliharibika mara moja. Ujumbe ulioondoka kwenye kompyuta ya mhasibu uliteremka kwa waya wa kwanza, na swichi ya Nthenya, ambayo haikujua kwamba nyaya hizi mbili ni kitu kimoja, ikaurudisha juu kwa waya wa pili, na swichi yangu ilipoona ujumbe wa mhasibu unatoka chini, ikaamini kwamba mhasibu amehamia maktaba, na kuanzia hapo kila alichotumiwa na karani, ambaye wametenganishwa na ukuta mmoja tu, kilikuwa kinateremka mteremko kwenda kumtafuta huko na kupotea. Bwana Kiema alitoa kichwa dirishani akaita, "Kivuva! Karani yuko hapa ukutani, nasikia akikohoa, lakini kompyuta inasema hayupo!"

Mimi nilikuwa bado nafungua kitabu nione ukurasa gani, na kabla sijaupata mambo yakatulia yenyewe, na nikamwona Nthenya anapanda mteremko kwa haraka, kumbe ameng'oa ule waya upande wake.

"Umechomeka bila kuniambia," akasema.

"Nilitaka iwe surprise."

"Surprise ni keki, Kivuva! Nina wanafunzi thelathini kule chini kompyuta zimewafia mikononi."

"Lakini upande wangu uko sawa kabisa, njoo uone."

Akaitazama ile picha niliyochora kwa rula, na kweli picha ilikuwa nzuri, kisha akasema mbele ya watu wote, "Wewe ni mtu wa kupiga hodi, halafu unajijibu karibu mwenyewe, unaingia, unajitolea kiti." Watu walicheka, na Bwana Kiema alicheka mpaka akavua miwani.

Tangu siku hiyo hajanikosea adabu, lakini ananiambia habari za kazi tu, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu zamani haikuwa hivyo. Mwaka mzima wa jana alikuwa akija na muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi, kutoka kwao na ananigawia, na Januari tarehe 14 alinipa kiazi kitamu kikubwa kuliko alichompa mhasibu, nimeandika, na siku moja tukitoka mazoezi ya kwaya aliniuliza, "Kivuva, kwenu wasichana huambiwa na nani, ama huwa wanapata habari kwa mbao za matangazo?" nikamjibu kwamba nitaulizia nyumbani. Kweli niliulizia, na ndivyo habari ya ntheo ilivyoanza, maana baba mdogo Ndululu alifurahi sana akaanza kutafuta mbuzi wiki hiyohiyo. Sasa Nthenya anakula chakula cha mchana na wapishi, na muthokoi naona tu kwa mbali.

Utaniuliza mbona sikumwambia. Bi Shufaa, mimi sipendi kuanza jambo ambalo sijalipanga, nilitaka siku nitakayomwambia niwe na mbuzi, niwe na chumba kilichopakwa rangi, niwe na tangi la maji, ili akiniuliza swali lolote niwe na jibu, na kila nikimaliza kitu kimoja naona kuna kingine kimebaki, na tarehe imekaribia. Mama yangu Syombua aliniuliza, "Na msichana anasemaje?" nikamwambia mambo yako sawa, na yeye ameshawaambia akina mama wa kanisani, na wameanza kushona vitambaa. Juzi nilimdokezea baba mdogo kwamba Nthenya hajui bado, akacheka akasema, "Wewe peleka mbuzi. Mbuzi wakishafika boma la watu, msichana ataona haya kukataa." Lakini mimi nimeona ntheo nyingine, na nimeona mzee wa nyumba akimwita binti mbele ya watu na kumuuliza, "Unawajua wageni hawa?" na usiku nikilala namsikia Nthenya akijibu, "Siwajui."

Kama hilo halitoshi, mkuu wa chuo ametuita mimi na Nthenya akasema nyaya zile ziwe zimefungwa pamoja kabla chuo hakijafungwa kwa Pasaka, na kama sisi wawili hatuwezi kufanya kazi pamoja basi mmoja atapelekwa tawi letu la Mwingi, na kwa kuwa mimi niko karibu na ofisi yake, anayeonekana kwenda Mwingi ni Nthenya. Aliposema hivyo Nthenya alitazama chini na hakusema kitu, na mimi pia sikusema kitu. Baadaye mkuu aliniita peke yangu akaniambia kwa wema, "Kivuva, ukitaka nitamwandikia memo akupe neno la siri la swichi yake, ufanye pande zote mbili wewe mwenyewe, maneno yaishe."

Kwa hiyo maswali yangu ni haya. Je, nikubali hilo neno la siri, nimalize nyaya vizuri bila makelele, ili Nthenya asihamishwe, na akiona zinafanya kazi ajue mimi si mtu mbaya? Na mbuzi, je, nimsikilize baba mdogo waende tarehe ile, ama niahirishe niaibike mbele ya mama na akina mama wa kanisani? Mimi mwenyewe naona nimalize nyaya kwanza, halafu mbuzi, halafu nimweleze Nthenya yote kwa pamoja nikiwa na vielelezo, lakini moyo hautulii.

Nakungoja kwa hamu,
Kivuva wa Jengo la Juu, Tawa

*

Bi Shufaa anajibu:

Kivuva mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea Rashid, kijana anayeangalia kompyuta za gazeti letu hapa Kitui, na nilipofika pale mhasibu amehamia maktaba bila kutoka kitini, aliomba ruhusa akaenda kucheka nje. Usiudhike. Amesema kosa hilo hufanywa na watu wengi, tena wenye vyeti vikubwa. Alichokuwa hajakiona bado ni mtu aliyelifanya kwa waya na kwa mbuzi.

Nianze na mazuri yako, maana yapo. Kila wiki napokea barua kuhusu wanaume ambao hawajafanya lolote: hana mbuzi, hana chumba, hana hata wazo, anataka tu msichana amngoje. Wewe una mbuzi watatu, rangi ukutani, tangi la maji, na umesoma hadi Kijerumani. Yuko mtu mmoja tu katika mambo haya yote ambaye hujafika kwake, naye anakaa chini ya mteremko, baada ya bustani ya sukuma wiki. Sidhani ni mbali.

Sasa nikukemee. Jibu la maswali yako umeliandika wewe mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, kisha ukalipita kama mtu anayepita duka alilotumwa. Uliniambia kundi lazima lifanywe pande zote mbili kabla waya wa pili haujachomekwa. Uliniambia swichi zenu haziulizani. Haya, swichi ni chuma, tutaisamehe. Wewe una mdomo, na naambiwa unaimba!

Kuhusu neno la siri: usilipokee. Mrudie mkuu wa chuo, mshukuru, ukatae. Ukiingia katika swichi ya Nthenya kwa memo ya mkubwa, nyaya zitafanya kazi, sikatai. Rashid anasema zitafanya kazi vizuri kabisa. Lakini Nthenya atakuwa amejua kwamba ukikosa kuelewana naye, njia yako ni kupanda juu kumtafuta mwenye muhuri. Mwanamke akishajua hilo kuhusu mwanamume, hata umletee mbuzi wa wilaya nzima, atakuwa anahesabu milango ya kutokea.

Na hapohapo ofisini, usitoke kabla hujasema jambo ambalo ulipaswa kulisema siku mlipoitwa wote wawili. Sema hivi: "Mwalimu, nyaya ziliharibika kwa sababu nilichomeka bila kumwita Nthenya. Yeye ndiye aliyetengeneza. Kama kuna mtu wa kwenda Mwingi, ni mimi." Umeniandikia kwamba Nthenya alitazama chini na hakusema kitu, na wewe pia hukusema kitu. Mwanangu, yeye alikuwa anangoja wewe useme! Mstari ule ndio pekee katika barua yako ambao haukunichekesha. Mwingi ni mji mzuri, nina ndugu zangu huko, lakini mtu asipelekwe huko kubeba kosa la mwenzake. Na hili utalifanya iwe Nthenya anakutaka au hakutaki. Usiliweke katika hesabu ya mbuzi.

Kuhusu baba yako mdogo. Mimi babu yangu alitoka pwani, lakini nimezaliwa na kulelewa Kitui mjini, majirani zangu ni Wakamba, na ntheo nilizoalikwa ni nyingi kuliko miaka yako. Nimewahi kuona binti akiulizwa, "Unawajua wageni hawa?" akakaa kimya kwa haya, na wazee wakapokea kimya kile kama ndiyo. Binti huyo alikuja kuniandikia baadaye, na barua yake haikuwa na kicheko. Kuona haya si kukubali. Mzee Ndululu ana haraka ya nyama, tumheshimu, lakini tusimfuate. Lile jibu unalolisikia ukilala, "Siwajui," litakuwa la haki kabisa, kwa sababu kweli hawajui. Nani amemwambia?

Basi fanya hivi.

Leo jioni nenda kwa mama Syombua, kaa karibu naye, umwambie, "Mama, sijamuuliza." Atakupigia kelele, na umestahili. Vitambaa vinavyoshonwa havitaoza, na mbuzi hula majani tu, wanaweza kula hadi Juni. Baba mdogo aambiwe tarehe imesimama mpaka msichana ajibu, na kama atanuna, mnunulie chai.

Kesho, ukitoka kwa mkuu, teremka maktaba. Kitabu kiache juu. Na ile picha ya rula iache juu. Mwambie Nthenya maneno machache: nilichomeka bila kukuita, nilikosa, na kwa mkuu wa chuo nimeshasema hivyo. Nichagulie siku tuifanye pamoja. Kisha funga mdomo, umwache achague. Akisema Alhamisi, usimwambie Jumatano ni bora.

Siku hiyo waya wa pili uwe umetolewa pande zote, huko ndiko kuanza upya. Yeye akae kwenye swichi yake, wewe kwenye yako, na simu ya ndani baina yenu. Yeye asome matundu yake na kasi yake, wewe usome yako, na pasipolingana msibishane ni nani aliyekosea, yalinganisheni tu. Kila mmoja aandikishe kundi kwake. Wote wawili mkisema tayari, na nasema wote wawili, Kivuva, ndipo waya uchomekwe. Tena uchomekwe na yeye. Mkimaliza, mwambie ang'oe waya wowote anaoutaka, wa zamani au mpya, bila kukutajia ni upi. Kama karani anaendelea kupata ujumbe wa maktaba, kazi imekwisha na mnaweza kunywa chai.

Rashid ana neno moja zaidi, ambalo nadhani litakuuma kidogo. Ile ahadi uliyompa Bwana Kiema, ya kasi mara mbili, kamwombe radhi. Anasema kompyuta mbili zikizungumza, mazungumzo yao hupita katika waya mmoja tu kati ya zile mbili, kwa hiyo faili la mhasibu litakwenda kwa mwendo uleule wa jana. Waya wa pili hausaidii mtu mmoja mwenye haraka. Unasaidia watu wengi wakizungumza kwa wakati mmoja, na unasaidia siku jembe linapokuja. Nilimwambia Rashid hiyo ni sababu ya kutosha. Mimi nimeolewa miaka ishirini na sita, na majembe nimeyaona.

Sasa lile jambo lako kubwa. Usimwambie siku ya nyaya, maana utakuwa umeshika waya mkononi na utaanza kumweleza kwa vielelezo. Ngoja mtoke mazoezi ya kwaya, njia ileile aliyokuuliza habari ya mbao za matangazo. Na hapo, mwanangu, nisamehe, lazima nicheke. Msichana anakupa kiazi kikubwa kuliko cha mhasibu, anakugawia muthokoi mwaka mzima, anakuuliza waziwazi kwenu wasichana huambiwa na nani, na wewe unamjibu utaulizia nyumbani! Alikuwa amekufungulia mlango hadi bawaba zinalia. Lakini sikuhakikishii kitu. Muthokoi ni muthokoi, si ahadi, na huenda tangu Februari amefikiri tofauti. Ndiyo maana huulizwa mtu, hakisiwi.

Kwa hiyo muulize. Usianze na tangi la maji. Usianze na mbuzi, maana ukiwataja kwanza utakuwa umempigia hesabu ya watu walioshakubali kwa niaba yake. Mwambie unampenda, mwambie ungependa kumwoa, mwulize yeye anasemaje. Akisema anahitaji muda, mpe, na usimwombe tarehe. Akisema la, msalimie kesho yake kama kawaida, mtaendelea kuangalia kila mtu swichi yake, na nyaya zitabeba, maana hazikufungwa kwa ajili ya ndoa. Akisema ndiyo, ndipo umweleze habari ya mbuzi, polepole, naye akiuliza wamenunuliwa lini, umjibu ukweli. Nadhani atacheka. Kicheko hicho kivumilie, utakisikia miaka mingi.

Limebaki jambo moja, na keti kwanza kabla hujalisoma. Uliniandikia kwa ufahari kwamba umebadilisha majina yote. Pia uliniandikia kwamba gazeti letu unalisoma maktaba. Kivuva mwanangu, mwenye kulifungua gazeti hilo maktaba ni nani? Na vyuo vya kanisa huko Tawa vyenye jengo la juu, jengo la chini, bustani ya sukuma wiki katikati na waya uliokatwa kwa jembe ni vingapi? Umepiga hodi tena, safari hii mbele ya wasomaji wa wilaya nzima.

Nimekuhurumia. Jibu hili nimekutumia kwa posta, kwa jina uliloandika nyuma ya bahasha, na hapa gazetini nimelizuia kwa wiki moja. Kama umelipata kwa posta, una wiki hiyo, itumie. Kama ndiyo kwanza unalisoma kwenye gazeti, umesimama hapo maktaba, basi inua macho. Yeye ameshalimaliza.

Nawe binti wa jengo la chini, mimi sikujui, na jibu lako ni lako, usiharakishwe na mzee, na mbuzi, wala na Bi Shufaa. Ninalokuomba ni dogo. Akija na kupiga hodi, usimjibu hapohapo. Mwache asimame mlangoni kidogo, ajifunze inavyokuwa kungoja mtu mwingine aseme karibu.